Fuso ya baba haivuti: kabla ya kununua turbo

Mvua za Katavi zikikatika, familia yenye gari la kuvuta magari mabovu hukaa chini na kuhesabu. Kwao msimu wa tope ndio msimu wa mavuno. Tangu Novemba malori yamezama kwenye mbuga za Mpimbwe na kwenye njia za kwenda Karema, simu zimelia usiku wa manane, na Fuso kuukuu yenye winchi nyuma imetoka Mpanda mjini mara nyingi ikiwa na mnyororo, majembe, mbao na utingo mmoja mwenye usingizi.

Chukua mfano wa familia moja ya Makanyagio. Baba ndiye dereva. Mama ana genge la nafaka na ndiye anayetunza daftari la gari. Binti yao mkubwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano katika mkoa mwingine, na Julai anatakiwa awe shuleni na tranka, godoro, ndoo, madaftari na nauli ya mabasi mawili. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini godoro halijafutwa na mtu.

Sasa gari linalalamika. Mlima wa Lyamba lya Mfipa, ule wa kupandia Ufipa kwa anayekwenda Sumbawanga, zamani lilikuwa linaupanda kwa gia ya tatu huku likivuta Canter iliyokufa. Sasa ni gia ya pili, moshi mweusi umetanda nyuma mpaka dereva wa Canter anafunga vioo. Baba amesikia habari za turbo ya mtumba iliyoko Dar es Salaam. Fundi wa jirani naye ana njia fupi zaidi: bisibisi moja, skrubu moja kwenye pampu ya dizeli. "Litaruka, bosi," anasema.

Na fedha taslimu pekee iliyomo ndani ya nyumba ni ile ya binti.

Nyumba nyingi hapa huvunjika katikati. Ama baba huchukua fedha kimya kimya akiamini gari litairudisha kabla ya Julai, ama mama anakataa kila kitu, hata filta ya bei ndogo, kwa sababu ameshachoka kusikia neno "spea". Katika nyumba hii mama aliuliza swali moja tu.

"Baba watoto, hili gari lilikuwa linavuta bila hiyo turbo. Ile nguvu ya zamani imekwenda wapi?"

Hilo ni swali ambalo fundi mzuri angeanza nalo. Injini ya dizeli ya kizamani, mfano 6D17 ya Fuso, ni chuma kizito kisicho na kompyuta wala waya nyingi. Haiamki siku moja ikakuta nguvu imekwisha. Nguvu huchukuliwa kidogo kidogo: kidogo na vumbi, kidogo na dizeli chafu, kidogo na breki inayobana, kidogo na pedeli iliyolegea. Kila kimoja ni kidogo mno kuonekana, na dereva anayelikalia gari kila siku ndiye wa mwisho kugundua. Habari njema ni kwamba kilichochukuliwa namna hiyo hurudishwa kwa gharama ndogo, na kukirudisha ndiko kuongeza nguvu kwa bei nafuu kuliko kote.

Daftari lilijua mapema

Kabla fundi hajafungua kitu, mama alileta daftari. Tangu gari linunuliwe ameandika mambo manne kwa kila safari: tarehe, mahali, lita zilizotiwa, fedha iliyorudi. Hajui pistoni inavyofanya kazi. Lakini kwa safari zilezile za Inyonga na Majimoto, kurasa za mwaka jana na za mwaka huu hazilingani. Lita zimekuwa zikipanda taratibu wakati njia ni ileile na dereva ni yuleyule.

Dizeli inayoliwa zaidi bila kazi kuongezeka maana yake ni mafuta yasiyoungua vizuri, au injini inayopigana na kitu kinachoizuia. Vyote viwili hutokea kabla mlima haujashindikana. Mwenye gari asiye na daftari hulipia hasara hiyo kituoni kila wiki bila kujua, halafu anaambiwa anunue turbo.

Rangi ya moshi nayo ni daftari la aina yake. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo habari ya ringi na slivu inakuja. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni dizeli ambayo haikuungua, kwa taimingi iliyochelewa au mgandamizo dhaifu, au ni maji yanayopita kwenye gasketi. Mwenye moshi wa bluu asitafute nguvu ya bei rahisi. Injini yake inaomba kufunguliwa, na kuiongezea chochote ni kuichimbia kaburi. Fuso ya Makanyagio ilikuwa inatoa mweusi, na mweusi mara nyingi hutibika.

Hewa kwanza

Lita moja ya dizeli, ili iungue yote, inahitaji si chini ya lita 10,000 za hewa. Injini ya lita 8.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta zaidi ya lita 7,000 za hewa kila dakika. Hewa yote hiyo inapita kwenye filta moja ya karatasi, na katika barabara za changarawe za Katavi kuanzia Juni mpaka Oktoba, hewa hiyo ni vumbi linalotembea.

Madereva wengi huitoa filta, wanaigonga kwenye tairi, wanairudisha. Kugonga huko huikunja, na karatasi ikipasuka hata tundu dogo, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye silinda. Wengine hupuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, yaani wanausukumia uchafu ndani zaidi ya karatasi. Upepo wa kupuliza unapaswa kutoka ndani kwenda nje, uwe wa nguvu ndogo, na hata hivyo filta ina siku zake za kufa. Kuna na wale wanaoitoa kabisa "gari lipumue". Gari hilo litapumua vizuri kwa muda mfupi, kisha ringi zitalika na moshi wa bluu utafuata.

Filta ikishabadilishwa, mkono upite kwenye mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Mpira wa Fuso ya miaka ishirini na kitu huwa na nyufa upande wa chini, usioonekana. Klipu mbili na mpira mpya si fedha ya kugombania.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wenye magari wa Katavi na Rukwa hawaelezwi wanaponunua gari Dar es Salaam. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, iko karibu mita 770. Mpanda ni zaidi kidogo ya mita 1,000. Sumbawanga inakaribia mita 1,800. Kwa hiyo gari lilelile, bila ubovu wowote, likiwa Mpanda limeshaacha takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya Dar, na likimaliza kupanda Ufipa limeacha karibu sehemu moja ya tano. Pampu ya kizamani haijui kwamba hewa imepungua. Inaendelea kumimina dizeli ileile, na ziada inatoka kama moshi mweusi.

Ndiyo sababu turbo inavutia, na si uongo kwamba inafanya kazi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka unazungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani. Lakini hesabu ileile ndiyo inayoifanya ile skrubu ya fundi wa jirani kuwa ushauri mbovu kwa gari hili. Injini ambayo tayari ina upungufu wa hewa haihitaji dizeli zaidi.

Pedeli ambayo haikufika mwisho

Fundi mwingine aliitwa, mzee wa gereji asiye na maneno mengi. Kabla ya kuomba spana alimwambia utingo aingie ndani, injini ikiwa imezimwa, akanyage mafuta mpaka chini. Yeye akainama kuangalia pampu.

"Shemeji, njoo uone," alimwita mama, si baba.

Mguu wa utingo ulikuwa umefika sakafuni. Lakini mkono wa pampu, ule unaovutwa na pedeli, ulikuwa haujagusa bolti yake ya kikomo. Kulikuwa na nafasi ya karibu upana wa kidole. Bushi za fimbo zilikuwa zimekwisha, na zulia nene lililowekwa na baba mwenyewe lilikuwa limekula sehemu iliyobaki. Pengine kwa miezi mingi gari hilo lilikuwa likipanda milima bila kupewa mafuta yake yote, na dereva akiapa kwamba amekanyaga mpaka mwisho. Hakudanganya.

Kipimo hiki hakina gharama na kinahitaji watu wawili na dakika tano. Ajabu ni jinsi kinavyorukwa.

Baadaye mzee yule alikwenda kwenye bomba la moshi. Fuso nyingi zina breki ya moshi, bamba linaloziba eksozi ili injini izuie gari mteremkoni. Bamba hilo likishika kutu na kubaki nusu limefunga, injini inakuwa kama mtu anayekimbia akiwa amezibwa pua. La gari hili lilikuwa linarudi, ila kwa uvivu. Lilisafishwa, na mkono wake ukatiwa grisi. Asitokee mtu wa kushauri litolewe moja kwa moja "kupunguza uzito". Litahitajika baadaye katika habari hii.

Halafu magurudumu. Baada ya mzunguko wa kilomita chache bila kukanyaga breki mara nyingi, matone ya maji yalidondoshewa kwenye kila habu. Tatu ziliyakausha polepole. Ya nyuma kushoto ilichemka. Breki ilikuwa inabana muda wote, na winchi na Canter na mlima vyote vilikuwa vikivutwa pamoja na breki hiyo. Kuitengeneza kulikuwa ni kusafisha, kulainisha na kurekebisha, pamoja na springi moja.

Dizeli ya kwenye madumu

Upande wa mafuta ndiko gari la vijijini linakoumia zaidi. Gari la kuvuta huitwa mahali pasipo na kituo, na dereva hutiwa dizeli kutoka kwenye dumu lililokaa juani nyuma ya duka. Maji yamo, kutu imo, na mara nyingine mafuta ya taa yamo. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 hasa ili kuua biashara ya kuyachanganya kwenye dizeli, lakini dumu halina lakiri ya mtu yeyote. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu pamoja na nozeli hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake, si na oili nyingine.

Filta ya dizeli ilibadilishwa, maji yakamwagwa kutoka kwenye kikombe cha chini. Huo ni utaratibu ambao madereva wengi wanaujua. Kisichojulikana sana ni kichujio kidogo cha wavu kilichojificha ndani ya bolti ya kuingizia mafuta kwenye pampu ndogo ya kuvutia. Kikiziba, injini inaunguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini ikipewa mzigo inaishiwa pumzi. Kilioshwa kwa dizeli safi na brashi ya meno. Kifuniko cha tanki nacho kilipulizwa tundu lake la hewa, kwa kuwa tanki lisiloingiza hewa hunyonya kinyume na pampu.

Tapeti ziliwekwa upya injini ikiwa katika hali inayotakiwa na kitabu chake, kwa kipimo cha bati chembamba. Nafasi inayotafutwa ni chini ya nusu milimita, na tapeti iliyobana au iliyolegea hufanya vali zifunguke kwa wakati usio wake. Nozeli sita zilitolewa na kupelekwa kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Hapa ndipo fedha kidogo ilitoka. Mbili zilikuwa zikitoa dizeli kama mkojo wa mbuzi badala ya ukungu. Zilibadilishwa ncha, nne zikasafishwa na kurudishwa.

Mama aliandika kila kitu kwenye ukurasa mpya. Jumla yake haikulikaribia godoro, tranka na nauli vikiwekwa pamoja, sembuse turbo.

Kapi: nguvu ambayo haimo kwenye injini

Mtu mwenye gari la kuvuta hudhani anahitaji nguvu ya injini kwa kazi mbili: kukokota barabarani na kunasua kwenye tope. Ya pili kwa kweli haina haja ya nguvu zaidi. Mabaharia wa majahazi wa pwani wanaijua dawa yake tangu enzi, kwa kuwa tanga zito la jahazi hupandishwa na watu wachache kwa kapi.

Winchi ikivuta lori moja kwa moja, nguvu ni ile ile ya winchi. Lakini kamba ya chuma ikitoka kwenye winchi, ikapita kwenye kapi iliyofungwa kwenye lori lililozama, kisha ncha yake ikarudi kufungwa kwenye chesisi ya gari la kuvuta au mti imara, lori linavutwa na kamba mbili. Nguvu inakaribia kuwa maradufu. Kinachopotea ni mwendo, kwa kuwa kamba inapaswa kusafiri mita mbili ili lori lisogee moja, na kidogo huliwa na msuguano. Kwenye mbuga ya udongo mweusi nani ana haraka? Kapi moja ya chuma yenye ukubwa unaolingana na kamba ni bei ndogo ukiilinganisha na pampu, na haitumii dizeli wala haichemshi injini.

Kabla hata ya kapi kuna jembe. Tope lililoshika tumbo la lori hunyonya, na kuchimba njia mbele ya kila gurudumu na kulaza mbao hupunguza mzigo kuliko skrubu yoyote ya pampu inavyoongeza nguvu. Utingo hapendi kusikia hivyo saa nane usiku.

Kwa wazazi kuna jambo jingine kuhusu kamba hii. Lori likinasuliwa kijijini, watoto hujaa. Wanakaa juu ya vichuguu, wanakaribia kamba, wakubwa kati yao wanairuka kwa kujionyesha. Kamba ya chuma iliyokazwa ikikatika hurudi kama upanga, na haimchagui mtu. Ukitumia kapi, kamba na minyororo inayoshika kapi inabeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo pingu na mnyororo dhaifu ndivyo vitakavyoachia. Dereva mwenye akili hasogezi winchi mpaka watu wote wawe mbali kuliko urefu wa kamba iliyotolewa, na hutupia gunia zito au blanketi kuukuu katikati ya kamba ili ikikatika iangushwe chini. Mzazi aliyeko hapo asisubiri kuombwa. Awaite watoto wa kila mtu, wake na wa jirani.

Kwa kazi ya kukokota barabarani kuna nguvu nyingine isiyo ya injini: difu. Difu ya mtumba yenye uwiano mfupi zaidi huzidisha nguvu inayofika kwenye matairi bila injini kuongezewa chochote. Gari litakuwa na mwendo mdogo kwenye lami ya Tabora, na injini italia zaidi ukilikimbiza, lakini gari la kuvuta halishindani na mabasi. Si kazi ya bei ya filta. Hata hivyo ni nafuu kuliko kufungua injini iliyotobolewa pistoni, na baba wa Makanyagio ameiandika kwa msimu ujao, akipata difu inayolingana. Bila gharama kabisa, aliteremsha kilichokuwa kimelala kwenye bodi: springi zilizovunjika, ringi za matairi, jiwe kubwa la kuzuia gari, na injini nzima ya pikipiki ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Matairi yakajazwa upepo sawa.

Skrubu, turbo na mlima wenyewe

Ile skrubu ya pampu ipo, na mafundi pampu huitumia kihalali. Pampu iliyochakaa hutoa mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa, na kuirudisha kwenye kipimo chake mezani, silinda zote sita zikilingana, ni matengenezo. Tatizo ni kuizungusha kando ya barabara kwa kusikiliza mlio. Dizeli ya ziada huongeza joto la moshi. Pistoni ni za aloi ya alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haifiki joto la moshi kwa kuwa oili na maji huipoza, lakini ukiacha moshi upande bila geji kwa dakika ishirini za mlima mfululizo, poza hiyo hushindwa. Ndiyo maana magari yaliyoongezwa mafuta hayafi mjini. Yanafia mlimani, yakiwa yamejaa.

Turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo inahitaji bomba la oili la kupeleka na la kurudisha, manifodi yake, gasketi nzuri, mfumo wa kupoza wenye afya na geji ya joto la moshi. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ, gari lililojaa mkoani, huambiwa maneno yaleyale na hukutana na hesabu zilezile. Anayefunga turbo ya mtumba bila geji amenunua nusu ya kitu.

Rejeta ilisafishwa nje na ndani kabla ya majaribio, na mkanda wa feni ukakazwa. Kisha baba akaenda Lyamba lya Mfipa na Canter ileile ya jamaa yake nyuma, safari hii kwa makusudi. Gia ya tatu ilikubali, isipokuwa kwenye kona kali alikoshuka ya pili. Moshi ulikuwepo, mwembamba, unaopita. Dereva wa Canter alibaki na vioo wazi.

Lakini kuupanda mlima ni nusu ya safari, na ni nusu ambayo gari bovu husimama lenyewe bila kumuumiza mtu. Gari lililorudishiwa nguvu sasa linaweza kukubali mzigo ambao mwezi uliopita lingeukataa chini kabisa ya mlima, na mzigo huo utashuka upande wa pili ukimsukuma dereva mgongoni. Canter iliyokufa injini haina msaada wa breki zake za kawaida. Dereva wake anakanyaga kitu kigumu kama jiwe. Kwa hiyo mzee wa gereji alikataa kulipwa mpaka apime breki za Fuso zote, amwage maji kwenye matenki ya upepo, na ajaribu lile bamba la breki ya moshi mara tatu. Akamwambia baba ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia, aiingize kabla ya mteremko na si katikati yake, na asikanyage breki muda wote mpaka zinuke.

"Na ukiitiwa Scania yenye mzigo?" mama aliuliza.

Baba alifikiri. "Nitakataa."

"Hata msimu ukiwa mbaya?"

"Hata ukiwa mbaya, mama. Wapo wenye magari makubwa, nitawapa namba zao."

Mama aliandika hilo pia, chini ya bei ya nozeli.

Wiki ya kwanza ya Julai tranka lilifungwa kwa kufuli jipya na kupandishwa kwenye basi la Tabora alfajiri. Binti alikaa dirishani. Baba hakuwepo stendi: alikuwa ameitwa njia ya Karema tangu saa tisa, kuna lori la dagaa limeteleza kando ya barabara. Alikuwa na kapi mpya nyuma, na kabla ya kuondoka alikuwa ameng'oa lile zulia nene chini ya pedeli. Sasa liko mlangoni, watu wanajifutia miguu.